Mstari Alioufuta Wangu

Januari ile ya 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiwa zimepamba moto, Wangu aliona kupitia dirishani mlinzi akikatwa panga langoni, na mikono yake ikaenda kwenye kibodi kabla hajapata sauti ya kupiga kelele.

Ndani ya kompyuta hiyo ya ofisi ya misaada mjini Kitale kulikuwa na orodha ya watu elfu mbili waliokimbia makwao, baba yake Ngige akiwa mmoja wao, amefichwa Bungoma. Nakala nyingine haikuwepo. Kulifuta faili lote kungefanya jamaa zao wasiwapate tena. Lakini programu ililisoma faili kwa kufuata skima, yaani mpangilio wa sehemu za data, aliyoiandika Wangu mwenyewe: moja, jina, mbili, umri, tatu, mahali alipofichwa. Akafuta mstari wa tatu, akaandika amri ya kuikompaili upya, yaani kuijenga programu upya bila mstari huo. Data ya mahali ingebaki humo humo, ila programu ingeiruka kimya kimya.

Ikagoma. Programu ya kuchapisha bado iliulizia mahali. Shoka likatua mlangoni. Akafuta na hilo swali, akarudia amri. Safari hii ikakubali.

Mlango ukavunjika, wakaingia wanaume watano. Mwenye koti la mvua alimkamata Kibiwott, mfanyakazi mwenzake, akamgonga uso mezani.

“Sasa, wasomi! Chapisha hiyo listi, haraka bana!”

Printa ikatema majina na umri.

“Wako wapi hawa?”

“Sehemu hiyo haiko,” Wangu alisema.

“Ati haiko?” Akamgeukia Kibiwott. “Wewe kijana wa kabila letu, unatuficha?”

“Huwa iko!” Kibiwott alilia. “Wangu, si huwa iko?”

“Mashine imeharibika.”

Panga likashuka. Vidole viwili vya Kibiwott vikabaki juu ya meza. Akaulizwa tena, akaapa kwa mama yake kwamba hajui, na hakujua kweli. Wangu alitazama sakafu. Hatimaye wakapasua skrini, wakabeba karatasi zilizochapishwa na kuondoka wakitukana.

Wangu alichana leso yake, akamfunga mkono.

“Ni wewe,” Kibiwott alisema polepole. “Uliitoa.”

“Ndiyo.”

“Si ungeniambia?”

“Ungejua iko wapi, Kibi. Na wangekukata hadi useme.”

Kibiwott akauvuta mkono wake, akamalizia kuufunga mwenyewe kwa meno.