Mwigize Marehemu

Mhoja, dereva wa lori la jeshi aliyepelekwa kulinda amani ya nchi ya watu, alirudishwa Sikonge ndani ya sanduku lililopigwa misumari, akisindikizwa na wakubwa wenye vitambi. Baba yake, mzee Masolwa, mkulima wa tumbaku, alitaka jambo moja tu kabla udongo haujamfunika mwanawe: kuambiwa alikufaje. Mkewe Theodora alikwishatangulia, presha ilimpanda mwaka ule mtoto alipovaa magwanda, kwa hiyo hakubaki mtu wa kumvuta shati anyamaze.

“Alianguka kishujaa, akipambana na adui,” alisoma Meja, mkuu wa msafara ule, kando ya kaburi.

“Mhoja huyu huyu?” Masolwa alidakia. “Aliyekuwa anamkimbia jogoo wa jirani?”

Waombolezaji wakaangua kicheko. Kifuani mwa Meja paliandikwa CHEDEGO, jina la Dodoma kabisa.

“Kumbe Mgogo! Mtani wangu! Babu zetu walipita kwenu na mizigo ya pembe mkawatoza hongo mpaka ya maji ya kunywa, leo unakuja msibani kwangu kunisomea karatasi? Fanya kazi yako. Mwigize marehemu!”

Hapo Meja alibanwa. Mtani ndiye anayemwigiza maiti, alivyotembea, alivyokula, alivyokufa, na akikataa, jeneza haliteremki. Akina mama wakaanza kupiga makofi: “Mtani! Mtani!”

Meja akajifanya ameshika bunduki. “Pa! Pa!”

“Muongo! Hiyo sinema.”

Meja akalitazama sanduku. Kisha akaketi juu ya kifusi, akashika usukani usiokuwepo, akapiga honi kwa mdomo. Watu wakacheka, Mhoja na honi, ndiye kabisa. Mguu wa kulia ukakanyaga chini. Ukakanyaga tena. Ukakanyaga haraka haraka, udongo ukawa unarukia kaburini, na vicheko vikakatika kimoja kimoja.

“Breki,” alisema Masolwa. “Hazikushika.”

“Hazikuwepo, mtani.”

“Naye hakusema?”

“Alisema. Asubuhi ile ile.”

“Alimwambia nani?”

Meja akajigusa kifuani, pale kwenye jina. “Nikamjibu askari hadekezwi, aende hivyo hivyo.”

Masolwa akainyakua sepetu. Askari mmoja akasogea. Lakini ni mzee mwenyewe, kwa mdomo wake, aliyemwita huyu mtu mtani mbele ya kijiji kizima, na mtani hapigwi, hanuniwi, hashtakiwi. Hata ukimtukana, anatakiwa acheke tu.

“Mla mlenda we,” alisema Masolwa, utani wa siku zote kwa Wagogo.

Hakucheka mtu.

Akamtupia sepetu miguuni. “Haya, mshushe. Umfukie peke yako. Na hivyo viatu vya serikali vua, visimkanyage mwanangu.”

Meja akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.