Nusu ya Ustinya Iliyobaki Moscow

Asubuhi ya Alhamisi, Fetinya, mke wa muuza manyoya jijini Moscow, alikuwa akikanda unga wa mikate ya kabichi huku binti yake Ustinya akifungwa mgongoni kamba za vazi la kubana kiuno na mshonaji wa Kijerumani. Mfalme alikuwa ameamuru wanawake wa mjini wavae mavazi ya Kijerumani. Tena mchumba wa Ustinya, Lukyan, alikuwa amerudi kutoka Amsterdam alikojifunza kuunda meli, na sasa alitaka mke mwenye kiuno cha nyigu.

Ustinya alikuwa amejaa, mashavu mekundu, meno ameyapaka weusi kama bibi zake. Parokia tatu zilimsifu kwa uzuri huo.

"Toa pumzi, binti," mshonaji akasema, akavuta.

Nyama zilizokosa nafasi ndani ya lile vazi zikatoka, zikaenda kuketi kando ya jiko, zikajifunga kitambaa kichwani.

"Mama, mikate imeiva?" zikauliza kwa sauti ya Ustinya.

"Bado. Nawa mikono kwanza."

Lukyan alimwoa yule mwembamba aliyebaki ndani ya vazi, akamsugua meno kwa chaki, akamhamishia Petersburg. Huko mkewe alicheza dansi mbili akazimia. Marafiki wakampongeza Lukyan kwamba mkewe anazimia kama Mfaransa hasa.

Yule mnene alibaki nyumbani. Alilisha kuku, akaimba kanisani, akacheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Na huyu tumwoze nani?" baba yake akauliza.

"Huyu kaolewa tayari," Fetinya akajibu.

Pasaka, wanandoa wakaja kusalimia. Ustinya mwembamba aliketi ubavuni mwa mwenzake. Yeye hakuweza kumeza zaidi ya kijiko kimoja, basi mwenzake akala kwa niaba ya wote wawili, na taratibu damu ikamrudia mwembamba usoni. Wakashikana mikono chini ya meza.

Lukyan hakuona mikono. Alikuwa akimtazama yule mnene, muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mkewe.

"Mama mkwe, huyu ni nani?"

"Mkeo, baba. Ulichukua nusu yake tu."

"Mzuri kweli!" Lukyan akasema, uso ukamng'aa. Akazunguka meza, akampima kiuno kwa macho. "Na huyu nitamchukua. Ila afungwe kamba kidogo."

Fetinya akaondoa vyombo, akaweka kiti kingine kando ya jiko, akatuma mtu akamwite mshonaji.