Udongo wa Kufika Magotini

Aliya, mke wa mwanangu Nuhu, alikuwa ameshafunga nguo za watoto ndani ya kitenge. Hakunificha. Alikiweka karibu na mlango, nikawa nakiona kila nikitoka.

"Mama, mvua ikianza na bustani iko hivi, nitawapeleka kwa baba yangu Nyanza-Lac," alisema. "Kule iko mihogo."

Nuhu alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kutafuta kazi, na simu yake ilikuwa haiiti tena. Ziwa lilipopanda liliingia bustanini kwetu hapa Minago, likaozesha mihogo, na lilipopungua likatuachia mchanga na matete. Ukichimba kiganja kimoja tu, maji yanatokea. Lengalenga tulizopanda zilikuwa njano kama macho ya mgonjwa. Watoto walikula mara moja kwa siku, jioni, ili wapate usingizi. Aliya alinipakulia mimi baada yao, kisha akakwangua chungu na kusema ameshiba. Mtu wa namna hiyo utamlaumu kwa lipi?

Dawa ilikuwa kuinua bustani juu ya maji, ifike magotini, kwa udongo mwema wa mlimani. Udongo huo unanunuliwa. Mimi nilikuwa nimebakiwa na bidoni za mawese nilizoziweka kwa ajili ya siku ya shida. Nikazitoa zote kulipia udongo na gari; zilitosha safari moja.

Tulipima pamoja. Aliya alilaza mpini wa jembe chini, akatembea nao kwa urefu na kwa upana, nami nikasimama katikati kuonyesha goti langu. Halafu tukakadiria kama tunavyokadiria kila kitu huku, kwa vikapu vya chikichi. Kamioneti ya Bernardo, gari dogo la mizigo, hubeba chikichi kwenda kinuni, na sisi wenyewe tumeijaza miaka mingi. Tunajua inavyomeza ikijazwa mpaka juu ya kingo, na kilele juu yake. Tukaona gari moja linatosha, na kidogo kinabaki. Siku ile Aliya alicheka. Aliuliza kama mabaki tuyamwage mlangoni, tusikanyage tope.

Gari lilipofika, nilidhani nusu imemwagika njiani.

"Baba, mbona haikujaa?"

"Imejaa, mama." Bernardo alinionyesha magurudumu, yalivyolalia chini. "Chikichi zinaachiana nafasi. Udongo hauachi nafasi. Nikiongeza kikapu kimoja, resori hizi za magurudumu zinakatika, tunalala wote barabarani."

"Hata matabishi kidogo, nyongeza tu ya bure?"

"Mama, matabishi ningekupa. Gari ndiyo imekataa."

Hakuweza kunitazama. Alivua shati, akashusha udongo pamoja nasi, ingawa kazi yake ni kuendesha tu. Hata ule uliokwama kwenye kona za gari aliufagia kwa kiganja, akaniletea kama anayeleta unga.

Tuliusambaza. Ulifika kwenye vifundo vya miguu. Aliya akamwagia ndoo ya maji, ukanywea, ukakaa chini zaidi. Alichomeka kidole, akakitoa kikiwa na mchanga uliolowa.

"Tukiulundika kona moja?" niliuliza.

"Kona moja itashibisha kuku, mama." Alifuta kidole kwenye nguo yake. "Twende wote Nyanza-Lac."

"Na Nuhu akirudi amkute nani?"

Juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi. Aliya aliwashika watoto mikono, akaenda barabarani kutafuta pikipiki ya kuwachukua asubuhi.

Niliingia chumbani kwangu, kile kilichojengwa pembeni ya nyumba, nikakaa kitandani. Sikulia. Hata machozi yalikuwa yamechoka. Niliegemea ukuta, na kipande cha tofali kikanivunjikia mkononi, maana ni matofali mabichi na ziwa lilikuwa limeyalamba chini. Nikakifinyanga. Ulikuwa udongo.

Nikachukua jembe, nikaupiga ukuta.

Nafisa, jirani yangu ambaye nyumba yake ziwa lilikwisha kuiangusha, alisikia kishindo akaja.

"Dada, umerukwa na akili?"

"Udongo wa chini si lazima uwe mwema," nilimwambia. "Lazima uwepo. Ule wa mlimani tutauweka juu."

Alitazama ukuta, akatazama bustani. Akaondoka. Alirudi na kikapu kichwani, kimejaa matofali ya nyumba yake yaliyoyeyuka.

"Ya kwangu ilianguka bure," alisema. "Chukua yote."

Tulishusha mabati ya chumba changu, tukakokota udongo mwema kando, tukaanza kujaza chini. Aliya aliporudi alinikuta mweupe kwa vumbi, kitanda changu kikiwa nje.

"Sasa utalala wapi, mama?"

"Hilo sikulipima."

Aliingia ndani, akakifungua kile kitenge, akamwaga nguo za watoto kwenye mkeka wake, na akatoka nacho mikononi. Akakitandaza chini ya ukuta wangu, akapakia matofali.

Tulibeba hadi matone ya kwanza yalipotupiga mgongoni. Udongo wa mlimani tuliutandaza mwisho, kwa mikono, ili usipotee hata kidogo. Nikasimama kando yake, kwenye mchanga. Haukufika gotini.

"Toka, nisimame mimi," alisema Aliya.

Ulifika gotini kwake. Ni mfupi kuliko mimi. Mvua ikazidi, nasi tukabaki pale tukiutazama, tuone kama utakaa.