Swali Lililoulizwa Mapema

Saa tano asubuhi huduma ya bei za maziwa ilihamishiwa seva nyingine, na programu yangu ikaendelea kubisha hodi kwenye nyumba tupu.

"Babu, programu yako imestaafu kabla yako!" alisema Nagendra wa dawati la jirani.

"Cheka taratibu, meno yatakauka."

Ilikuwa programu yangu ya kwanza kutumiwa na watu wa kweli, wakusanyaji wa maziwa wa mji wote wa Mysuru, India. Bhargavi, kiongozi wetu, alikwisha kuniambia wazi: ikishindwa hadi saa sita, tunarudisha ile ya zamani. Nilijifunza kazi hii katika madarasa ya jioni nikiwa na miaka sitini na mmoja. Sikuwa tayari kurudishwa kukagua kazi za wengine.

Huduma zetu hazikai mahali pamoja. Anwani zake zimeandikwa kwenye daftari la ndani ya kompyuta, na ipo maktaba ndogo ya programu ambayo kazi yake ni kuliuliza daftari: huduma ya bei iko wapi sasa? Nikaikagua maktaba; nzima. Daftari nalo lilikuwa na anwani mpya. Basi kosa ni langu.

Bhargavi akavuta kiti. "Babu, hapa umeandika nini?"

"Anwani. Programu inauliza mara moja inapoamka, basi. Si ndiyo mtindo wetu? Ndani ya programu, kitu tukishakipa jina, hakibadiliki tena."

"Kweli. Ila wewe jina umeliweka kwenye jibu. Maktaba ilikupa swali, ukaliuliza mapema mno."

Nikausoma upya mstari wa anwani. Swali nalo halibadiliki. Kinachobadilika ni jibu lake tu. Nikaufuta mstari ule, nikalipitisha swali lenyewe hadi ndani kabisa, pale bei inapoombwa, liulizwe upya kila mara.

Mkono wa Bhargavi ukasogea kwenye kibodi.

"Usinisaidie."

"Sijagusa, babu! Mkali huyu!"

Saa sita kasoro dakika kumi, bei zikarudi. Bhargavi akaihamisha huduma ile tena kwa makusudi, mara mbili, kunijaribu. Bei hazikukatika.

"Haya, inabaki," akasema, akaenda kunawa mikono kwa chakula cha mchana.

Nagendra akanisogezea nusu ya wali wake wa dengu bila kuombwa. "Kula, babu. Leo sina la kusema."

"Hiyo nayo ni habari," nikamwambia, na nikaumaliza wote.