Sindano Alipoacha Sindano

Tabibu wetu alikuwa na jina lake, lakini mtaa mzima ulimwita Sindano. Mwenye mafua alichomwa antibiotiki, mwenye kikohozi alichomwa, na aliyemsindikiza mgonjwa alijihadhari asipige chafya. Watu walimpenda. Walitoka wakichechemea na kutabasamu.

Miaka ile nilikuwa muuguzi kijana pale zahanati. Nikifumba macho, harufu ya spiriti na sakafu mbichi ya asubuhi hunirudia, na kicheko chake kikivuka pazia la chumba cha matibabu. Pazia tu, mlango wa ndani hatukuwa nao hata mmoja.

Ndipo wakubwa wa afya walipoleta mpango: zahanati itakayokuwa safi, itakayohudumia vizuri na isiyogawa antibiotiki kama njugu, itapewa motisha. Tuchague wenyewe tunachotaka. Tukataka milango.

Walitueleza kwamba mafua hayatibiwi kwa antibiotiki, na kwamba kuzigawa ovyo huwazoesha vijidudu, hadi siku dawa inapohitajika kweli haifui dafu. Walipoondoka Sindano akaniambia, "Binti yangu, kumbe miaka yote naua mbu kwa rungu."

Akaacha. Fundi cherehani wa jirani, mama mwenye ulimi wa wembe, alimleta mwanawe ana mafua. Akaambiwa ampe vinywaji kwa wingi, na amrudishe haraka akianza kupumua kwa shida.

"Nimefunga kazi yangu nije kupewa maneno?"

"Afadhali maneno yangu hayachomi, mama."

Benchi zima likaangua kicheko. Yeye akasonya, akaondoka. Wengi wakamfuata hadi duka la dawa ng'ambo ya barabara. Sindano, foleni imekuwa fupi, akaanza kuwasikiliza waliobaki, hata visa vya wakwe zao. Taratibu watu wakarudi, wengine kwa huko kusikilizwa tu.

Tathmini ilipokaribia, fundi cherehani aliingia amembeba mtoto yule yule. Safari hii alikuwa akihema, mbavu zinabonyea ndani. Nimonia. Mtoa dawa wa zahanati akamvuta Sindano pembeni.

"Mzee, msimu huu vifua ni vingi, na dawa tumeshatoa nyingi. Tukiongeza, alama zinashuka, milango tumeikosa. Tumwelekeze kwingine?"

"Alama hazina mapafu," alisema Sindano.

Dozi ya kwanza alimnywesha mwenyewe, kikombe mkononi, akamsisitiza mama: dawa iishe yote, hata mtoto akianza kurukaruka. Mama akaifunga dawa kwenye upindo wa kanga.

Mtoto alipona. Motisha tukaikosa.

Wakubwa walipokuja kutupa pole, Sindano aliwaambia bila kupepesa macho, "Msitupime kwa dawa chache. Tupimeni kwa dawa sahihi." Walikubali kubadili kipimo, na mwaka uliofuata mafundi walitufungia milango ya mbao. Mtoa dawa ndiye aliyeshangilia kuliko sote.

Sindano alistaafu baada ya hapo. Siku ya mwisho alikataa gari, akasema atatembea. Nikasimama kibarazani asubuhi ile nikimtazama. Kila alipopiga hatua mbili mtu alimshika mkono, mwingine akamwonyesha mtoto, mwingine akamfungulia moyo, naye akasimama kwa kila mmoja kana kwamba hana pa kwenda. Jua lilikuwa la utosi alipofika kona.

Natamani ningemsindikiza.