Lamont Agonga Mlango

Verlene aliulowesha mswaki, akautikisa, akaurudisha kwenye kikombe kando ya wake. Ulikuwa mswaki wa mwanawe Lamont, aliyehama tangu kabla ya theluji, akaenda kuishi na mchumba wake ng'ambo ya mto.

"Na kitanda?" akaniuliza.

"Nimekivuruga, shoga. Utadhani wamekilalia watoto watatu."

Hakucheka. Mimi ni jirani yake wa ghorofa ya chini, na nilijua anaogopa nini. Serikali humsaidia kodi: yeye hutoa kama theluthi ya ujira wake wa kufua mashuka hospitalini, na sehemu iliyobaki hulipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Vocha hiyo ya kodi aliingoja tangu Lamont anang'oka meno ya utoto. Lakini vocha huhesabu vichwa. Watu wawili, vyumba viwili. Mtu mmoja, chumba kimoja, na kijana akiondoka lazima useme. Verlene hakusema. Alijiambia atasema mwezi ujao, na huo mwezi ujao haukufika. Angesema, angetoka katika nyumba aliyomlelea mwanawe, na hapa Toledo mwenye nyumba anayekubali vocha ni wa kutafuta kwa tochi.

Ndiyo maana asubuhi ya ukaguzi wa nyumba, ambao ofisi ya vocha hufanya kila mwaka, nilipandisha viatu vya kazi vya marehemu mume wangu, nikaviweka mlangoni kwake. Niliona haya. Mwenyewe hakupenda uongo alipokuwa hai, na sasa nilikuwa namtumia kudanganya akiwa kaburini.

Mkaguzi, Bwana Kowalczyk, alikuja na ngazi yake fupi. Akafungua madirisha, akafungulia maji, akabonyeza king'ora cha moshi kikalia. Verlene alimfuata nyuma akijibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Hapa ndipo anapolala Lamont. Usishangae, mchafu huyo. Hata sahani haoshi."

"Vijana," alisema mkaguzi.

"Jana kapiga muziki mpaka nikamgongea ukuta."

Nilimkanyaga mguu. Mwongo mzuri hufunga mdomo mapema.

"Katoka kidogo kununua maziwa," akaendelea. "Anarudi sasa hivi."

Hilo walikuwa wamelipanga kwenye simu. Lamont aingie na maziwa, afungue friji, aulize kuna chakula gani, kama alivyofanya maisha yake yote. Ufunguo alikuwa bado anao.

Tukasikia hatua kwenye ngazi. Zikasimama. Kisha mlango ukagongwa mara mbili, taratibu, kama mgeni mwenye adabu zake.

"Mama? Upo? Naweza kuingia?"

Bwana Kowalczyk aliendelea kushika dirisha. Verlene aliutazama mlango, na aibu ikampanda usoni mpaka nikatamani sakafu inimeze. Mwishowe alikwenda kufungua mwenyewe. Lamont alikuwa pale na maziwa yake, anajipangusa miguu kwenye mkeka, jambo ambalo mama yake alimwomba miaka yote na hakulifanya hata siku moja.

"Samahani, Mama," alinong'ona. "Nimesahau."

Bwana Kowalczyk akalifunga dirisha. "Hili linafunga vizuri. Kazi yangu mimi ni madirisha na bomba, Bi Verlene. Habari ya nani anakaa humu unamwambia afisa wako wa vocha. Ila mwambie wewe, kabla hajakuuliza." Akabeba ngazi yake, akavikwepa vile viatu, akashuka.

"Viatu vya nani hivi?" Lamont aliuliza.

Verlene aliingia bafuni, akatoka na mswaki. "Chukua mswaki wako."

"Ninao mwingine kule, Mama."

"Najua," alisema, akautupa kwenye taka. "Kaa basi, nikupe kahawa. Wewe ni mgeni."

Kisha akachukua simu kumpigia afisa. Mimi niliokota viatu vya mume wangu nikashuka navyo, maana sikuweza kuwatazama.