Mzee wa Ndoo

Jumatatu asubuhi fundi vioo alipima dirisha la sebuleni kwake, akakata kioo kipya juu ya meza ya chakula na kukipachika mahali pake, huku akipiga mluzi. Alipomaliza alirudi nyuma kidogo, akakiangalia kwa jicho la mtu anayeipenda kazi yake, kisha akamlaumu mtoto fulani asiyemjua.

"Watoto wa siku hizi na mipira yao," alimwambia mkewe. "Ipo siku watamtoa mtu jicho."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona kola za sare za shule. Kioo kilivunjwa na kigoda alichorushiwa yeye jana jioni akakikwepa. Ngumi iliyofuata hakuikwepa. Hakumjibu mumewe, kwa sababu shavu lilikuwa limevimba na kuongea kulimuuma, na kwa sababu mumewe hakuwa anasema uongo. Alikuwa hajui kabisa.

Fundi vioo alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa toba. Akishapiga, alikimbilia stoo anakoweka vioo vyake, akapiga magoti palepale kwenye vumbi la kioo, akalia kwa sauti mpaka majirani wakapunguza redio kwa heshima. Hakuwa anaigiza. Alichukia alichokifanya, akaapa hatarudia, na alipoapa alimaanisha. Asubuhi yake, kabla chai haijachemka, Mzee wa Ndoo alikuwa mlangoni anapiga hodi.

Huyu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ovaroli ya kijivu iliyochujuka, ndoo ya bati mkono mmoja na tambara begani. Mtaa mzima ulimfahamu. Alitumwa na Mungu kufuta makosa yaliyotubiwa, na kazi hiyo aliifanya bila papara. Alianza na ukuta, akafuata sakafu, kisha akamfuta fundi vioo kipaji cha uso angali amelala, na binti yao aliyelala chumba cha pili. Halafu alipita kwa majirani. Nao walimtolea vipaji vya nyuso madirishani huku wakiendelea kumenya viazi au kupiga mswaki. Akishapita, kosa lilikuwa halipo tena. Waliolisikia walikuwa hawakulisikia, na aliyelitenda alikuwa hakulitenda. Mungu akisamehe amesamehe, hana nusunusu.

Vitu tu ndivyo vilivyobaki. Kioo kilikuwa kimevunjika ila hakuna aliyekivunja. Kidole cha shahada cha mkewe mshonaji, mkono wa kushoto, kilikuwa hakikunjiki tangu mwaka juzi, nacho kilikuwa hakina wa kukisemea. Hospitali walimuuliza aliangukia wapi.

Mshonaji alikuwa na kaka yake upande wa pili wa mji, mwenye nyumba yenye chumba kitupu. Alimwomba amruhusu ahamie kwake na binti.

"Mlango uko wazi, dada," alisema kaka. "Lakini uje na sababu. Sitaki niulizwe na watu nikose la kusema."

Basi mshonaji aliitisha kikao cha familia. Walikuja baba mdogo wa fundi vioo, shangazi yake, na kaka huyo. Walikaa kwenye makochi wakamsikiliza bila kumkatiza. Fundi vioo naye alisikiliza, mikono magotini, machozi yakimlengalenga.

"Kama kweli nilifanya hayo," alisema, "basi Mungu anisamehe. Maana ni unyama."

Wazee walikuwa watu wa haki. Baba mdogo alijipiga paja, akatoa uamuzi: mara ya kwanza watasuluhisha, lakini ikitokea ya pili, mke atarudi kwao na mtoto wake, na yeye mwenyewe baba mdogo atambebea cherehani mgongoni. Kila mtu aliona ni uamuzi mzuri. Usiku huo fundi vioo alilia stoo akitubia aliyosimuliwa, na asubuhi Mzee wa Ndoo alipitia nyumba zote za waliohudhuria.

Vikao vilikuwa vingi. Katika kila kimoja baba mdogo alijipiga paja lilelile na kuapa kuibeba cherehani, kwa moyo uleule, kwa sababu kila kimoja kilikuwa cha kwanza. Mshonaji alifika mahali akawa anamtilia sukari chai yake kabla hajamaliza sentensi anayoijua.

Kilichomuuma zaidi ni binti. Mtoto huyu alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba chake, anaona yote, anatetemeka. Asubuhi mama yake alimsuka nywele na kumuuliza, "Jana ulimwona baba?" Naye akajibu, "Baba amefanyaje?" na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Siku moja, Mzee wa Ndoo alipokuwa amemaliza kazi, mshonaji alimmiminia chai. Mzee alikaa ukingoni mwa kochi ili asililoweshe.

"Mzee, mbona mimi hunifuti?"

"Wewe ndiye uliyekosewa, mama. Aliyekosewa simgusi mpaka mkosaji amwendee mwenyewe. Akija kwako akakuomba radhi, ukampa, nitakufuta na wewe. Hata hicho kidole nitakiosha, na kitakunjika."

"Hajawahi kuja."

"Huwa anaanza kwa Mungu. Na akianza kwa Mungu, asubuhi nakuja mimi. Nikishaondoka hajui tena kwamba kuna cha kukuomba."

"Sasa si mumwambie aanze na mimi?"

"Alishaambiwa," alisema mzee akipuliza chai. "Wote waliambiwa zamani sana."

Mshonaji alimwomba basi aache alama moja tu, moja, mpaka Jumamosi wazee wakae. Mzee alitikisa kichwa kwa huruma. Mtu ametubu kweli, alisema, na yeye mzee hana ruhusa ya kumcheleweshea mtu msamaha wake. Alishukuru kwa chai, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaenda.

Kuanzia hapo mshonaji alikuwa na shabaha moja. Alitaka mumewe aanze kwake. Hakuhitaji hotuba, neno moja la pole lilitosha, mradi litangulie kabla ya magoti kugusa sakafu ya stoo.

Nafasi ilikuja haraka, kama zilivyokuwa zikija. Jioni ya Alhamisi kifuniko cha sufuria kiliponyoka na kulia kwa kelele sakafuni wakati fundi vioo anasikiliza taarifa ya habari. Alipomaliza kumpiga mkewe alishika kichwa chake, akaanza kulia, akageukia stoo. Safari hii mshonaji alimtangulia, akasimama mlangoni mwa stoo, damu ya mdomo ikimchuruzika kidevuni.

"Anza na mimi," alisema.

"Nipishe."

"Neno moja tu, baba. Niambie mimi kwanza, halafu uingie ukaseme na Mungu mpaka kesho."

Fundi vioo alikuwa analia kwa uchungu hata hawezi kupumua vizuri. Alimtazama mkewe, akautazama mlango nyuma yake, na ilionekana wazi ni kipi alichokuwa na haraka nacho.

"Mke wangu, niache nimalizane na Mungu kwanza. Wewe upo tu. Tutaongea kesho."

Akamshika mabega, akamsogeza pembeni taratibu, kama anavyosogeza kioo cha mteja. Mshonaji alinyoosha mkono kwenye meza yake ya kazi, akachukua pasi iliyokwisha kupoa, akampiga nayo juu ya jicho. Fundi vioo aliyumba, akaingia stoo na damu yake, akapiga magoti akatubu. Binti alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Aliona kipigo cha baba, akaona na pasi ya mama.

Asubuhi Mzee wa Ndoo aliingia, akafuta ukuta, akafuta sakafu, akafika penye tone la damu ya fundi vioo karibu na stoo, akasimama.

"Hili ni lako," alisema.

"Ni langu."

"Unalijutia?"

Mshonaji alikuwa mwanamke mkweli, kwa hiyo alilifikiria swali lile kwa dhati.

"Nikijuta, mwanangu atakumbuka nini?"

"Hatakumbuka chochote."

"Na nisipojuta?"

"Atakumbuka kwamba ulimpiga baba yake."

Mama alitazama mlango wa chumba cha binti. Mtoto anayekumbuka mama yake kashika pasi, aliwaza, ipo siku atauliza kwa nini. Asiyekumbuka lolote hana swali.

"Basi sijutii," alisema.

Mzee alikamua tambara lake, akasafisha kulizunguka lile tone kwa uangalifu, kama mtu anayepiga deki kuzunguka kitanda cha mgonjwa.

Binti alipoamka alimwona baba yake na bandeji, akapita mbele ya mama bila kumwamkia, akaenda kumshika baba mkono. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa na habari, na habari hiyo haikufutwa na mtu. Kikao kiliitishwa bila mshonaji kukiomba. Baba mdogo hakujipiga paja. Alisema amezeeka bila kuona jambo kama hilo, mwanamke kumpiga mume mpole asiyejua hata kuinua sauti, na shangazi alilia. Walimtaka atubu yaishe. Alikataa. Walimsihi wakamsihi, akakataa.

Kaka yake alibaki nyuma wengine walipokwisha kutoka.

"Nilikuambia uje na sababu," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa sababu ipo, lakini mkosaji ni wewe. Chumba nimempangisha mtu."

Wateja walipungua. Wazazi hawakupenda sare za watoto wao zipigwe na pasi ile. Mshonaji alivumilia, akamsubiri binti aulize. Alimsuka nywele kila Jumapili na kumwachia kimya kirefu cha kuulizia, na binti alikijaza kwa kuhesabu misuko au kusema kichwa kinamuuma. Akawa mkubwa, akaanza kujisuka mwenyewe.

Jumatatu nyingine fundi vioo alikuwa tena mbele ya dirisha la sebuleni, anachomoa vipande vya kioo. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, jicho moja limevimba hadi kufumba. Mzee wa Ndoo ndiyo kwanza alikuwa ametoka, sakafu ilikuwa bado mbichi. Binti alikuwa anakunywa chai, tayari kwa shule.

Fundi vioo alijiona kwenye kipande kikubwa alichokishika, akaligusa kovu lililo juu ya jicho lake.

"Mama watoto," alisema bila ukali wowote, "hivi siku ile ulinipigia nini?"

Binti aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Kwa sababu ulinipiga."

Binti alimtazama mama yake, akalitazama lile jicho lililofumba, kisha akayashusha macho kwenye chai kwa aibu, aibu ya mtoto ambaye mzazi wake amedanganya mbele za watu. Fundi vioo alitikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga, kwa kuwa alikuwa mtu wa machozi ya karibu.

"Haya, yaishe," alisema. "Mimi nilishakusamehe."

Akachukua futi yake, akapima dirisha.